Foleni ya gesi, IST ya jamaa yangu na Pijo la marehemu mzee

Nilipotea kidogo, majukumu si unajua, lakini leo nimerudi na mada iliyonikaa kooni tangu Jumapili. Mnaosoma kwa dakika za kulipia nisameheni, nitaandika kirefu. Ni habari ya magari, na mnanijua, mimi nikianza magari hamna wa kuninyamazisha.

Jumapili nilikuwa nyumbani nasafisha kabureta ya Pijo la marehemu mzee. Peugeot 504, gia za usukani, taa zile za mbele zilizolegea kama macho ya mtu aliyekosa usingizi. Mdogo wangu akatoka ndani, akaniangalia nilivyopakaa grisi, akasema: "Bro, hili gari linakumaliza na petroli. Si ulifunge gesi tu kama watu wote?"

Nilicheka. Halafu nikajikuta sina jibu la haraka, na mimi ndiye kijiweni huwa najifanya profesa wa injini. Nimekaa na swali lake wiki nzima, na ninavyoona si swali la Pijo peke yake. Ni la nchi nzima sasa hivi: tuendeshe kwa nini, na anayefaidika ni nani?

KWANZA HESABU, MANENO BAADAYE

Nina jamaa yangu anaendesha IST, teksi za kuitwa kwa simu. Alifunga gesi, na tukikaa anapiga hesabu mpaka unatamani kuuza nyumba ununue mtungi. Twende naye polepole. Tuchukue namba nyepesi: petroli 3,000 kwa lita, gesi asilia 1,550 kwa kilo, kufunga mfumo milioni 2. Bei za mafuta EWURA huzitangaza kila mwezi na zinapanda na kushuka, kwa hiyo weka namba za siku unayosoma, njia ni ileile.

Jamaa anatembea kilomita 180 kwa siku. IST yake mjini inakwenda kama kilomita 12 kwa lita, kwa hiyo ni lita 15, shilingi 45,000. Kilo moja ya gesi asilia ina nguvu inayokaribia lita moja na nusu ya petroli, hivyo zile lita 15 ni kama kilo 10 za gesi, yaani 15,500. Anabaki na 29,500 kila siku. Milioni 2 zake zinarudi ndani ya siku 68. Hapo hata mimi napiga makofi.

Ila kuna kitu jamaa hakukiweka kwenye hesabu. Mwaka 2024 nilimsindikiza kujaza. Tuliingia foleni saa tatu usiku, tukatoka saa saba. Masaa manne! Magari yamepangana mpaka barabarani, bajaji zimechomekwa kila upenyo, madereva wamelala huku wamefungua milango, mmoja kaweka miguu nje ya dirisha. Jiulize, kwenye masaa hayo angeingiza hata 5,000 kwa saa? Kama ndiyo, amepoteza 20,000 kati ya zile 29,500. Amebaki na 9,500. Siku 68 zimegeuka 210. Miezi saba.

Kwa hiyo gesi haikumdanganya jamaa. Foleni ndiyo iliyomla. Na foleni si kosa la injini wala la dereva, ni kosa la mipango. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974. Ya Mnazi Bay ikafuata 1982. Mwaka 2004 gesi ya Songo Songo ikaanza kufika Ubungo kwa bomba na kufua umeme. Mwaka 2013 Mtwara kuliwaka moto, watu wakapoteza maisha, sababu ni bomba lingine la kuleta gesi Dar, na bomba lenyewe likakamilika 2015. Tunatajiwa futi za ujazo trilioni 57 chini ya ardhi na bahari yetu. Halafu mtoto wa watu analala barabarani anasubiri kilo 10! Vituo vimeendelea kuongezwa, nakiri, na anayeongeza apewe haki yake. Lakini wateja walihamasishwa kwanza, pampu zikafuata nyuma zinachechemea.

Sasa Pijo. Pijo linatoka Jumapili na kwenye misiba na harusi. Tuseme kilomita 40 kwa wiki, na kwa ulaji wake wa kilomita 8 kwa lita ni lita 5, shilingi 15,000. Kwa gesi ingekuwa kama 5,200. Naokoa 9,800 kwa wiki, na milioni 2 zinarudi baada ya karibu miaka minne. Mdogo wangu, kwa hela hiyo nanunua matairi manne na betri, na chenji ya soda inabaki.

INJINI NAYO INA MAONI YAKE

Hesabu ya pili ni ya injini yenyewe. Huwa nasikia kijiweni eti gesi inaua injini, wengine eti inaifanya iwe mpya. Wote wanazidisha chumvi.

Gesi asilia inaungua safi. Haiachi masizi mengi, oili inakaa muda mrefu bila kuwa nyeusi, plagi zinapumua. Pia inavumilia kubanwa kuliko petroli. Ile namba ya okteni ambayo kwenye petroli ni 91 au 95, gesi inapita 120. Utamu wake ni kwamba injini iliyotengenezwa kwa gesi tangu kiwandani inaweza kubana sana na kutoa nguvu nyingi. Shida ni kwamba sisi tunaiweka kwenye injini iliyotengenezwa kwa petroli. Pijo la mzee linabana mara 8 na kidogo tu, kwa hiyo ile okteni yote haina kazi. Ni kama kumpa mtoto wa chekechea vitabu vya chuo kikuu. Na kwa kuwa gesi inachukua nafasi ya hewa inayoingia kwenye silinda, unapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu. Mlima wa Kitonga utakukumbusha.

Halafu kuna vali. Petroli inaingia na unyevunyevu wake, inapoza kidogo. Gesi inaingia kavu. Vali na viti vyake kwenye injini nyingi za zamani havikutengenezwa kwa moto mkavu wa namna hiyo, taratibu vinalika, injini inaanza kukohoa asubuhi. Tena gari la kabureta halikubali ile mifumo ya kisasa yenye kompyuta inayogawa gesi silinda kwa silinda. Unafungiwa mfumo wa zamani wa kuchanganya gesi na hewa juu ya kabureta, na ukikosewa kidogo tu moto unarudi nyuma na kulipuka kwenye njia ya hewa. Nimeshasikia mlio huo gereji. Kuku wa jirani hawakutaga siku hiyo.

IST yenyewe ni mteja mzuri wa gesi: injini rahisi, petroli inapuliziwa kwenye njia ya hewa. Lakini zile za D4, zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, mafundi wengi Bongo wanazikimbia hata kwa petroli. Ukizifunga gesi, nozeli zake zinabaki ndani ya moto bila petroli ya kuzipoza, na zinaungua kama hukufunga mfumo wake maalumu. Na dizeli haina plagi ya kuwasha moto, kwa hiyo anayekwambia Hiace yako ya dizeli atai"gesisha" kwa siku moja kwa bei ya IST, mwulize maswali mengi.

MTUNGI ULIOPAKWA RANGI

Hapa ndipo penye uchungu wangu, na ndiyo sababu hasa ya kuandika.

Jamaa yangu huyu, kabla ya hiyo IST, alikuwa na gari jingine. Akaona bei za karakana zinazotambulika ni kubwa, akapelekwa gereji bubu moja, sitaitaja wala mtaa wake. Akafungiwa kwa nusu bei. Akafurahi, akatununulia chipsi. Wiki chache baadaye nimepanda naye, nyuma kuna watoto wake wawili anawapeleka shule, nikasikia harufu. Nikamwambia simama. Tukafungua buti. Mtungi umefungwa kwa mikanda ya bati jembamba, bolti zimepita kwenye bati la sakafu tu bila chuma cha kushikilia chini. Mtungi unang'aa, rangi mpya. Nikakwangua kwa funguo pale kwenye muhuri. Tarehe ya mwisho ya matumizi ilikuwa imepita, imefunikwa kwa rangi.

Nieleze kwa nini nilitetemeka. Tairi lako unalijaza pima 32. Mtungi wa gesi asilia ukijaa unakaribia 2,900 kwa kipimo hichohicho. Mara tisini! Ndiyo maana kila mtungi una tarehe ya kuzaliwa na ya kustaafu, kawaida hauzidi miaka 20, na katikati unatakiwa kupimwa. Mtungi mzima uliofungwa vizuri ni salama, magari mamilioni duniani yanautumia, na gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa, ikivuja mahali pa wazi inapaa na kupotea, tofauti na gesi ya kupikia ambayo ni nzito na inatambaa chini. (Na tafadhali sana, mtungi wa kupikia usithubutu kuutumia kwa gesi ya magari, haukutengenezwa kubeba mgandamizo huo hata robo yake.) Lakini mtungi mzee uliopakwa poda kama bibi harusi ni bomu umelifunga mkanda nyuma ya wanao.

Jamaa aliung'oa siku hiyohiyo. Hela yake hakurudishiwa mpaka leo. Alipokwenda kudai, aliambiwa "kwani si ulikuwa unatembea?" Hakuwa na risiti, hakuwa na cheti, hakuwa na pa kushtaki. Na kilichoniumiza zaidi, alikuwa amejaza kwenye kituo mara kadhaa na hakuna aliyemwomba karatasi yoyote.

Tusijidanganye kwamba ni sisi tu. Pakistan waliwahi kuwa miongoni mwa wa kwanza duniani kwa wingi wa magari ya gesi. Serikali ilihamasisha, watu wakafunga. Baadaye gesi ikapungua, ikaanza kugawiwa kwa siku, foleni zikawa ndefu kuliko zetu, na mitungi ya ovyo ikaua watu. Kwa upande mwingine, Delhi Mahakama ya Juu ya India iliamuru 1998 mabasi yahamie kwenye gesi, na kufikia mwisho wa 2002 yalikuwa yamehama. Pale walianza na mabasi, chombo kinachobeba wengi na kinachorudi kituo kilekile kila jioni. Gesi ileile, mipango tofauti.

TUMESHAAHIDIWA SANA

Vijana wenzangu mtaniambia napinga maendeleo. Hapana. Ila mpenda magari wa Bongo ana kumbukumbu, na kumbukumbu zinamfanya awe na adabu mbele ya ahadi za mafuta mapya.

Marehemu mzee alikuwa akinihadithia enzi za shida ya mafuta, miaka ya 70 na 80, ambapo Jumapili ikipita saa nane mchana gari binafsi haliruhusiwi barabarani. Ukienda kumsalimia shangazi, unakula haraka unarudi.

Ikaja habari ya risasi. Petroli ya zamani ilikuwa na madini ya risasi, na kufikia mwanzoni mwa 2006 nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo. Mafundi walilia: magari ya zamani yamekwisha, vali zitakufa! Pijo likaendelea kutembea. Na risasi ile ilikuwa inaharibu akili za watoto, hapo hakuna ubishi, iliondoka vizuri. Kwa hiyo si kila mabadiliko ni ya kuogopa.

Mwaka 2008 mafuta yalipofika dola 147 kwa pipa, dunia nzima ikaimba mbono. Kwamba mbegu za mbono zitatoa dizeli, wakulima watatajirika. Kisarawe kampuni ya nje ikachukua zaidi ya hekta 8,000 za vijiji. Kufikia 2011 mradi ulikuwa umesimama, wafanyakazi nje, na wanakijiji wanatazama ardhi ambayo si yao tena. Dizeli ya mbono mimi sijaiona pampu hata moja. Jirani zetu Malawi hawakupiga kelele, wao tangu 1982 wanachanganya petroli na spiriti inayotokana na miwa ya viwanda vyao vya sukari. Kidogo kidogo, kimya kimya.

Na nani amesahau uchakachuaji? Watu walikuwa wanachanganya mafuta ya taa kwenye dizeli na petroli kwa sababu ya taa yalikuwa na kodi ndogo. Injini zikafa. EWURA wakaja na vinasaba mwaka 2010, na bajeti ya 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Uchakachuaji ukapungua kweli. Ila aliyelipa bei ni bibi kijijini mwenye kibatari, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli. Ndiyo kawaida ya mafuta hapa kwetu: ujanja unafanyika juu, bili inashuka chini.

Sasa ni zamu ya umeme. Ethiopia ilizuia kuingiza magari binafsi ya mafuta tangu 2024. Kigali kuanzia 2025 pikipiki mpya ya abiria inasajiliwa ikiwa ya umeme tu. Sisi tuna Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Mimi nasema bajaji na bodaboda za umeme ndizo zenye akili kwetu, chombo kidogo, safari fupi, betri ndogo. Lakini kabla ya kushangilia naomba swali lilelile la mtungi: betri ikichoka anaikagua nani, na anayeifunga amesomea wapi?

PIJO SASA

Mtasema, basi hilo Pijo la nini, liuze chuma chakavu.

Peugeot 504 ilitoka Ufaransa 1968, yakatengenezwa zaidi ya milioni 3, na Mombasa waliendelea kuyaunganisha hadi miaka ya 2000. Safari Rally ya 1975 Ove Andersson alishinda na 504, na 1978 Jean-Pierre Nicolas akarudia na 504 ya milango miwili. Rali hiyo ilipoanza 1953 ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, tope letu lilikuwa sehemu ya mtihani. Gari lililofaulu mtihani huo lilipewa heshima na wazee wetu, na ndiyo sababu kila mkoa ulikuwa na Pijo moja lililobeba wagonjwa, mahindi na maiti.

Lakini sitawadanganya kwa mapenzi. Kwa kila kilomita Pijo linachafua hewa kuliko IST nzima isiyochezewa. Halina lile sega la ekzosi linalochuja moshi, na linakunywa. Likitembea kilomita 180 kwa siku ningekuwa wa kwanza kuliegesha. Linasamehewa kwa sababu linatembea 40 kwa wiki.

Ninachokipenda ni kingine. Fundi wangu ni mzee wa Gerezani, umri wa kumpa shikamoo mara mbili. Siku ya kwanza nilipompelekea gari baada ya msiba, aliinua boneti, akasikiliza, akasema: "Mwanangu, hili gari halina siri." Kila kitu unakiona kwa macho. Kikiharibika unakitoa, unakishika mkononi, unajua kimekuwaje. Hakuna mtu anayeweza kukupakia rangi juu ya tarehe.

Basi hapo nikapata jibu la mdogo wangu, na naona ndilo jibu la wengi. Mafuta si dini kwamba wote tusali msikiti mmoja au kanisa moja. Gari la kazi, la kilomita nyingi kila siku, lifungwe gesi, na lifungwe vizuri: karakana inayotambulika, au wataalamu kama wa DIT ambao wanafundisha na kufunga. Chombo kidogo cha mtaani kiende kwenye umeme. Gari la urithi linalotoka Jumapili liachiwe petroli yake na fundi wake mzee. Wala asitokee mtu wa kukuuzia kimoja kwa kila kitu, maana huyo anauza, hashauri.

Na wakubwa nawaomba mambo mawili tu. Kwanza, kila anayefunga mfumo wa gesi awe na namba yake, igongwe kwenye gari, ili mtungi ukiwa feki ajulikane ni nani. Pili, kituo kisijaze gari lisilo na cheti cha mtungi ambacho hakijaisha muda. Mkiweza kunisimamisha barabarani kwa sababu ya bima, hamshindwi kumwuliza dereva tarehe ya mtungi.

Wewe unayefikiria kufunga gesi, kabla hujatoa hela, fungua buti la gari la aliyekushawishi. Soma muhuri. Kama rangi ni mpya, kwangua. Kama fundi anakasirika ukikwangua, umeshapata jibu lako.

Jumapili hii Pijo linakwenda Bagamoyo, kuliona kaburi la mzee. Mdogo wangu kasema atachangia lita tano. Nimezikubali.

Wadau, mmefunga gesi mnaonaje? Foleni huko kwenu ikoje? Na kama kuna mtu ana siti za vali za 504 zisizo za kuchongwa, asikae nazo kimya. Naomba kuwasilisha.